Bata wa Bibi na Mbegu za Ukingoni

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua viatu na kumfuata shangazi yake kinamasini. Maji yalikuwa yamekula ukingo hadi karibu na jiko la bibi, na shangazi alikuwa akiurudishia nyasi zake za asili. Alichanganya mbegu za matete na mafunjo na mchanga mbichi, akazinyunyiza juu ya tope. Kazi ya Chiriku ilikuwa kuzikanyaga kwa miguu mitupu ili zishike.

Siku ya kukanyaga sehemu ya bibi, ruba alimng'ata kidole. Chiriku alipiga yowe, akaruka nje na kukaa juu ya jiwe hadi jioni.

"Umefika mpaka jikoni kwa bibi?" shangazi aliuliza.

"Nimekanyaga kote, shangazi," alijibu bila kupepesa macho.

Mvua ilinyesha. Ukingo wote ukaota kijani, isipokuwa pale kwa bibi, palipobaki na upara. Shangazi, mtu asiye na mzaha, alimkazia macho Chiriku.

"Bata wa bibi ndio waliokula mbegu," Chiriku alisema haraka. "Niliwaona!"

"Vikongwe hawa wawili?" bibi alishangaa. "Hata makombo yanawashinda."

Hakuna aliyemsikiliza. Shangazi alinoa kisu, na bata wote wawili wakaishia chunguni. Usiku ule bibi alimsogezea mjukuu wake sahani.

"Kula wewe. Mimi nimeshiba."

Chiriku alikula paja lote, na lilikuwa tamu.

Siku moja shangazi alikwenda kuzibua karavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Alirudi na fungu la miche michanga, akalibwaga miguuni pa Chiriku.

"Hebu nieleze, ni bata gani anayekula mbegu, kisha akaenda kuziotesha kwenye karavati?"

Chiriku aliangua kilio. "Maji ndiyo yaliyozichukua. Sikukanyaga. Niliogopa ruba."

Shangazi hakumpiga. Alimwingiza topeni apandikize miche yote, mche mmoja mmoja. Ruba walipomganda Chiriku, shangazi alisema tu, "Waache washibe."

Masika yalipofika, ukingo ulishika. Chiriku alimkimbilia bibi.

"Bibi, jiko limepona! Umenisamehe?"

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini nisikilize. Kazi uliyoitegea umeirudia, ikakubali. Uongo wako ulimwangukia asiyeweza kujitetea, na huo haurudiwi. Miche imerudi. Bata wangu je?"

Kisha bibi alikwenda kufunga mlango wa banda tupu la bata, kama alivyozoea kila jioni.