Samaki Waliotazamana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wankyo alifagia uwanja wa nyumba yao ya Mwisenge, akamalizia kwenye kibaraza. Hapo alifagia polepole. Kwenye saruji palikuwa na alama mbili za nyayo za babu yake, Mzee Matiko, aliyeikanyaga ikiwa bado mbichi. Ndani ya kila alama mlikuwa na samaki watatu. Wa mguu wa kushoto walielekea kulia, wa mguu wa kulia walielekea kushoto, hivyo wakatazamana.

Babu mwenyewe ndiye aliyewachonga kwenye soli za katambuga zake, viatu vya tairi. Sasa babu alikuwa amefariki, na katambuga zenyewe zilishalika soli. Samaki walibaki kwenye saruji tu.

Jumapili ingesomwa misa ya kumkumbuka huko Butiama. Wankyo alimwahidi bibi yake, Yuliana, "Bibi, utaenda na samaki wa babu miguuni." Tangu hapo bibi akawa anauliza kila jioni, "Wamefika wapi?"

Ijumaa baada ya shule, Wankyo aliketi kibarazani na kisu cha shangazi yake Adventina, fundi wa katambuga. Alitazama alama, akachonga soli za katambuga mpya za bibi. Akatazama tena, akachonga. Alipomaliza, alizivaa akakanyaga udongo mbichi karibu na bomba. Samaki walikuwa wamepeana migongo!

Binamu yake Mseti akaangua kicheko. "Samaki wako wamenuniana!"

"Nyamaza wewe!"

"Sasa unalia nini? Soli inakaaga chini. Nani atainama kusalimia unyayo? Na bibi mwenyewe haoni vizuri. Mpe tu."

Bibi akatoka ndani akipapasa ukuta. "Mjukuu wangu, wamefika wapi?"

Neno moja tu lingetosha: wamefika. "Wamefika vibaya, bibi," Wankyo akasema. "Nimewakosea. Wamepeana migongo."

Bibi akatabasamu. "Afadhali umesema. Siku ile ya saruji nilimgombeza babu yako mpaka majirani wakatoka nje. Akanionyesha hao samaki, akasema, 'Mama, ona, sisi hata tukigombana tunaangaliana.'"

Shangazi Adventina alipofika, alizigeuza zile soli mkononi. "Umechonga ulichokiona chini. Soli na alama yake ni kama uso na kioo; kulia kwa huku ni kushoto kwa kule. Hata mimi nilikuwaga nakosea hapohapo."

Akanyunyiza majivu kwenye alama za babu, akashindilia udongo wa mfinyanzi, kisha akaubandua taratibu. Samaki wakainuka pamoja nao, jinsi walivyokuwa kwenye soli ya babu: magamba yamepangwa vizuri, mikia imepinda kama inapiga maji. Wankyo alishusha pumzi. Babu alikuwa fundi kweli!

"Fuata hawa," shangazi alisema. "Tairi nitakupa, ila utachonga mwenyewe."

Jumamosi nzima alichonga, hata kidole kikatoka lengelenge.

Butiama mvua ilikuwa imenyesha. Baada ya misa, bibi, akiwa na katambuga mpya miguuni, alitembea hadi kaburini kwa babu kwenye udongo laini, kisha akasimama. "Nishike mkono, Wankyo." Akainama, akapitisha vidole kwenye alama zake: kichwa, magamba, mkia. Kisha akahamia mguu wa pili.

"Bibi ameinama," Mseti alinong'ona, macho yamemtoka.

"Wanaangaliana," bibi alisema, machozi yakimlengalenga. "Sikilizeni, wajukuu zangu. Kazi iliyo chini ya mguu watu hawaioni, lakini udongo unaisoma. Ifanyeni vizuri hata pasipoonekana. Na ukikosea, sema, kisha urekebishe."

Wakati wa kurudi, bibi alipita pembeni ya njia, asije akawakanyaga samaki.