Mwongozaji wa Pili

Fomu Na. 7B: Ombi la Kibali cha Ziara ya Awali kwa Ajili ya Kupanga Ziara ya Wanafunzi katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Wilaya.

Kwa lugha ya binadamu: ruhusa ya kwenda kutazama mahali ambapo baadaye utakwenda kutazama.

Mimi ni mwalimu wa historia. Fomu na mimi tumezoeana. Hii niliijaza mezani jikoni, nikinakili ya mwaka jana neno kwa neno. Serikali yenyewe hunakili, sembuse mimi. Mwongozaji wa kwanza: jina langu. Mwongozaji wa pili: mwalimu wa jiografia.

Mwalimu wa jiografia alikuwa mke wangu. Tulikuwa tumemzika miezi mitatu kabla.

Mkono uliandika tu. Siku zile nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona ni wako, lakini ukiuchoma sindano hausemi kitu.

Nilifika makumbusho saa kumi na moja na nusu jioni pamoja na binti yangu wa miaka saba, maana nyumbani hapakuwa na wa kumwachia. Mama yake alimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Tangu mazishi, Chiriku alijibu kwa kichwa tu.

Karani wa mapokezi aliisoma fomu kama hakimu asomaye hukumu.

"Huyu mtoto hayumo."

"Ana miaka saba, mzee wangu."

"Umri hauna safu hapa. Haya, apite, ni mzigo wako. Mwongozaji wa pili yuko wapi?"

Ningeweza kueleza. Lakini kueleza huleta pole, na pole zilikuwa zimenichosha.

"Anakuja," nikasema.

Nikatia saini. Akaliacha daftari la wageni wazi, kalamu juu yake. "Waliotajwa ndio waingiao, na waingiao ndio watokao. Tunatunza vitu vya marehemu, mwalimu. Lazima tujue nani ni nani."

Nilipita chumba hadi chumba nikiandika mahali wanafunzi watakapovunja vitu. Mitungi: hatari. Ngoma: hatari, na kelele. Chiriku alitangulia, akaingia chumba cha mwisho, kile cha vyombo vya nyumbani.

Kisha nikamsikia akiongea.

Nikasimama. Maneno yalikuwa yanamtoka kama zamani, moja likimkanyaga jingine: shule, jino lililong'oka, paka wa jirani. Alicheka. Nilijua ningepaswa kufurahi, nikasubiri furaha ije.

Akauliza swali...

Na kitu kikamjibu.

Sauti ya chini, bila maneno. Halafu harufu: chaki, na mafuta ya karafuu ambayo mke wangu alikuwa akijipaka magotini.

Niliingia. Chiriku alikuwa amesimama kando ya kitanda cha maonyesho, peke yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka juu, vidole vimekunjwa, kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mzima.

"Baba, mama anasema tangulia tu. Sisi tunabaki."

Nilimshika mkono wa kushoto nikamvuta.

Upande wa pili nao ukavuta.

Si kwa nguvu. Kwa subira, kama mtu anayejua kwamba muda ni wake.

Nikamwachia, nikakimbia mapokezi. Karani hakuinua macho. Kwenye daftari, chini ya jina langu, palikuwa na saini nyingine, wino haujakauka, na kamstari chini yake. Mke wangu alipigia kila kitu mstari, hata orodha ya sokoni.

"Mwanangu hatoki!" nikasema.

"Mwanao hakuingia," akasema. "Hayumo. Wameingia wawili, watatoka wawili: wewe na mwenzako."

"Nimwandike!"

"Nafasi zimejaa. Labda umwondoe mmoja. Safu ya mwisho. Andika sababu."

Nilijua sababu. Shuleni waliitaka, benki waliitaka. Kwa miezi mitatu fomu zao zilikaa mezani kwangu na safu hiyo ikiwa tupu. Nikachukua kalamu.

"Baba Chiriku..."

Ilitoka chumba cha mwisho. Taratibu. Hivyo ndivyo mke wangu alivyokuwa akiniita taa zikishazimwa.

Nikaandika: *Amefariki.*

Karani akapiga mhuri.

Ndani, Chiriku akalia kilio kikali, kisha akaja mbio, mikono yote miwili ikining'inia. Alinipita bila kunigusa.

"Umeona nini?" nikamnong'oneza karani.

"Mimi naona safu, mwalimu."

Njia nzima Chiriku aliniuliza jambo moja tu: "Kwa nini umemwandika hivyo?" Hajaniuliza lingine hadi leo. Huongea na walimu, huongea na paka. Kwangu, kichwa tu.

Ripoti niliyowasilisha inasema ziara ya awali ilifanyika salama na mitungi isogezwe. Mwalimu mkuu ameipongeza. Kilichotokea ni kwamba nilimwita mke wangu, akaja, mtoto akataka kubaki naye, nami nikaandika kwamba mama yake amekufa.