Manukato Yaliyowatisha Panya

Walikutana kwenye duka la dawa, mchana watu wamebanana. Fundi lifti, ovaroli la bluu na maneno mengi, alipimwa presha, akaambiwa iko juu, akapewa dawa; akacheka, akaziacha kaunta, akaondoka. Dada mmoja mwenye gauni la njano akamfuata hadi mlangoni na pakiti mkononi.

"Kaka, umeacha dawa zako."

"Siumwi, dada'ngu. Labda imepanda kwa kukuona wewe."

Dada akacheka, lakini moyoni aliogopa. Kazi yake ilikuwa maabara, kuwapima presha panya waliozalishwa wakiwa nayo, mkanda mdogo unafungwa mkiani, ili dawa za moyo zijaribiwe kwao kwanza. Aliwajua. Panya anakula vizuri jioni, asubuhi unamkuta amekauka.

Mapenzi yakanoga. Fundi akambandika jina Mama Panya, akamnunulia manukato. Kumeza dawa sasa, wapi. "Mpenzi, mimi si panya wako," alisema kila alipobembelezwa.

Kazini mambo yakaharibika. Panya wote presha juu, hata waliopewa dawa. Kumbe ni yale manukato: panya akisikia harufu ngeni anaogopa, na akiogopa presha inaruka. Dada akaacha kujipaka, akaona aibu kumwambia fundi.

Fundi akamnusa shingoni, akanuna. "Zawadi yangu imekuchosha, au kuna mwingine?" Akaondoka bila kusubiri jibu. Simu hapokei. Kesho yake ikawa haipatikani kabisa.

Hapo roho ikamruka dada wa watu. Hakuwaza mwanamke mwingine. Aliwaza panya wa asubuhi. Akakimbia na koti la maabara mwilini, akaugonga mlango wa fundi mpaka majirani wakachungulia.

Mlango ukafunguliwa. Fundi huyo, mzima, kanuna.

"Mbona hupatikani?"

"Nimekasirika."

"Mimi nilijua umekufa." Akalia pale pale mlangoni, akaeleza yote.

"Kwa hiyo nimewaonea wivu panya?"

"Usicheke. Kila nikifungua vizimba nakuona wewe umelala humo."

Dada akatoa mkobani ile pakiti ya siku ya kwanza, fundi akaipokea.

"Panya wakipewa hizi, wanapona?"

"Wengine."

"Wengine tu?"

"Wengi. Sitakudanganya, mpenzi."

Fundi akafungua pakiti. Akameza kidonge kwa maji ya bombani.

"Olewa na mimi, Mama Panya, uwe unanikumbusha."

"Ndiyo," alijibu dada, sikio tayari liko kifuani pake, anasikiliza.