Ngozi ya Mwamba

Wiki tatu baada ya kumzika mke wangu, mama aliniambia nikakwangue utando kwenye mwamba wa pwani alipoteleza marehemu, asije akafa mwingine. Mimi ni mwashi. Nilichukua patasi na brashi ya waya. Mdogo wangu, tuliyemwita Domo, alikuja kunishikia taa, kwa kuwa jua lilikuwa linazama.

"Kaka, leo utaukwangua mwamba mpaka uombe radhi," alicheka.

Maji yalikuwa yamekupwa. Utando ule ni ngozi hasa. Juu kijani, katikati waridi, chini kabisa mweusi, na unanuka yai viza. Nilisema, "Kwa jina la Mungu," nikasukuma patasi.

Domo akaguta.

"Nini?"

"Mgongo... kitu kimeniuma."

Nikakwangua tena. Chrrr... Shati lake likalowa. Nilidhani ni maji ya bahari. Nikasogeza taa.

Damu.

Nilimpandisha shati. Ngozi ilikuwa imechunika mistari miwili, kila mmoja upana wa patasi yangu.

Akapiga magoti. "Acha, Kaka. Tumenyonya ziwa moja."

"Kwa nini wewe?" nilinong'ona.



"Nilimshika shemeji, akanizaba kofi. Nikamsukuma... kidogo tu. Utelezi ndio uliomuua, Kaka. Siyo mimi."

Mimi ni mtu wa sala. Neno la msamaha nalijua tangu utotoni. Lilifika mdomoni, likakwama.

Nilikwangua mpaka jiwe likawa jeupe.

Sikumgusa hata kwa kidole. Alijiviringisha, akang'ata mwamba, meno yakavunjika. Ngozi yake ilichanika kwa sauti ya turubai kuukuu. Aliniita Kaka mara nyingi. Halafu akamwita mama. Halafu...

Watu walisema mawimbi yalimburuza juu ya mawe.  Mama alimwosha mwanawe mwenyewe, akatazama ile mistari iliyonyooka, kisha akanitazama mimi.

Jana nilikwenda kuona. Utando umeota tena, laini, mnene kuliko ule wa kwanza.

"Nenda ukaukwangue, mwanangu," mama aliniambia asubuhi ya leo.

Nikamjibu naumwa.

"Basi pumzika," alisema taratibu.

Jua linazama sasa. Nimetoka kusali. Nimemwita mama mara tatu, hayumo chumbani mwake. Patasi yangu haipo mlangoni.

Na hapa, chini ya bega la kushoto... pameanza kuwasha.