Karatasi ya Shati la Mistari

Jioni ile mpiga picha alikuwa uani akianua karatasi zake kambani, kama wengine wanavyoanua nguo. Na kwa kweli zilikuwa nguo. Mpiga picha huyu alichemsha nguo kuukuu, akazitwanga mpaka zikawa uji, akauchota ule uji kwa wavu, na ulipokauka akapata karatasi. Juu yake alichapa picha ya mwenye nguo. Wafiwa walimpenda. Majirani walimwita Mama Matambara, na mdogo wake wa kiume, aliyekaa naye, alidai sufuria ile imekula nguo nyingi kuliko kabati.

"Hodi..."

Mwanamke kijana alikuwa amekwisha kuingia uani. Lango halikulia. Alinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa muda huo huo. Mkononi alikuwa na furushi la shati lililokatwakatwa na negativu moja kubwa, ile filamu inayochapiwa picha.

"Nifanyie picha ya mume wangu, wifi," alinong'ona.

Wifi! Watu wengine bwana, hawachelewi kujifanya ndugu.

"Pole sana. Amefariki lini?"

"Bado."

Mpiga picha alidhani ni majonzi tu yanayosema. Wafiwa wengi hawataki kukubali. Hakuuliza zaidi. Siku zote alikata nguo kwa mkono wake, taratibu, huku akiulizia habari za mwenyewe. Safari hii aliona amepunguziwa kazi, akavitumbukiza vipande sufuriani bila kuvikagua. Negativu aliitazama juu juu. Kwenye negativu kila mtu ni mzimu: uso mweusi, nywele nyeupe, macho hayasomeki.

Karatasi ilipokauka aliipaka dawa ya kuchapia picha kwa mwanga, akailaza chini ya kioo pamoja na negativu, akaiweka juani. Alasiri hiyo mdogo wake alikuwa amejilaza chumbani, analalamika kwamba mwili umemwishia nguvu.

Picha ikaanza kutokea. Kidevu... Pua... Kovu dogo juu ya nyusi...



Alikuwa mdogo wake.

Ndipo alipokumbuka shati la mistari ambalo kijana huyo alikuwa akilitafuta wiki nzima, akiwasingizia majirani kwamba wameliiba kambani. Kumbe dada mtu ndiye aliyelitwanga, kwa mikono yake mwenyewe. Na yule mwanamke alimwita wifi.

Akashika karatasi aichane. Ilipopasuka kidogo tu, pembeni, mdogo wake akapiga yowe kule chumbani.

Akaiacha. Akaitosa kwenye beseni la maji, labda dawa itatoka na uso uondoke.

"Dada..." Sauti ilikuja na maji kooni. "Dada, nazama..."

Akaiopoa. Lakini picha isiyosafishwa kwa maji haidumu. Mwanga huzidi kuila mpaka inakuwa nyeusi yote. Tayari shavu moja lilikuwa linatiwa weusi.

"Dada, mbona umefunga dirisha? Sioni."

Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa linawaka.

Haraka haraka aliifunika kwa kitambaa cheusi, akaifungia kwenye sanduku lisilopitisha mwanga, akalisukuma uvunguni mwa kitanda. Baada ya muda mdogo wake akatoka chumbani, anajinyoosha, anauliza kama kuna chochote cha kula. Alikula, akatania, akacheka. Dada mtu alilia kwa furaha na kwa hofu vilevile, maana huyu ndiye ndugu pekee aliyebaki naye duniani. Hakumwambia kitu. Angeanzia wapi?

Siku zikapita. Yule mwanamke hakuonekana, na mpiga picha akaanza kupata usingizi. Jioni moja chumvi iliisha. Alitoka mara moja tu, dukani pale pale nyuma ya nyumba, akarudi.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mdogo wake alikuwa amesimama dirishani, amempa mgongo.

"Dada, kuna dada mmoja alikuja, mpole huyo! Eti umemchelewesha kazi yake. Nimepekua nyumba nzima, nikalikuta sanduku lake uvunguni kwako. Nimempa, akaondoka analifungua."

Chumvi ilimponyoka, ikamwagika sakafuni.

"Mdogo wangu... Hebu geuka nikuone."

"Una nini wewe leo?"

Alicheka kicheko chake kile kile. Akaanza kugeuka, taratibu...

Na dada mtu, ambaye maisha yake yote alipata riziki kwa kutazama nyuso za watu, akafumba macho.