Posta ya Evaline

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, Evaline alifanya mambo yaleyale kwa mpangilio uleule. Alifua sare, akaianika nyuma ya nyumba, akatia daftari na nguo mbili kwenye begi, kisha akasimama kando ya cherehani ya mama yake kungoja maagizo. Maagizo hayakukosekana.

"Mwambie yule viatu vyako vya shule vimetoboka," alisema mama yake, Emelyne, bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Halafu mwambie msimamizi wako wa Kipaimara ni dada yangu Athanasie. Ameshanunua kitenge."

"Yule" alikuwa Fabiani, baba yake Evaline. Wazazi hao waliachana mwaka uliopita. Mama alibaki Mpanda mjini akishona nguo, baba akahamia Sitalike kulima mpunga. Zamani waliitana Mama Evaline na Baba Evaline. Sasa kila mmoja alikuwa "yule" tu, wala hawakupigiana simu. Simu yao ilikuwa binti wa miaka kumi na miwili.

Josephat, jirani aliyesoma naye darasa la sita, alimwona akitoka na begi.

"Posta, leo una barua ngapi?"

"Mbili."

"Za heri?"

"Ya viatu ni ya heri," Evaline alijibu.

Ile ya pili ilimtia wasiwasi. Kwa kweli hakuwa posta mwaminifu. Maneno makali aliyabadilisha njiani. Akiambiwa, "Mwambie asinisumbue," alifikisha, "Mama anakusalimia." Baba akifoka, mama aliletewa, "Baba amesema sawa." Hakukuwa na ugomvi, naye Evaline aliona kazi yake inakwenda vizuri.

Huko Sitalike, kabla hajafungua mdomo, baba alimwambia, "Msimamizi wako atakuwa shangazi yako Hilaria. Mwambie mama yako hilo limekwisha."

"Mama amekubali," alisema Evaline. Jumapili aliporudi mjini, alimwambia mama yake, "Baba amekubali."

Jumamosi ya mazoezi, wiki moja kabla ya Askofu kufika kutoa Kipaimara, Katekista Melkior aliwapanga watoto mstari mmoja. Aliagiza kila msimamizi aweke mkono wa kulia kwenye bega la mtoto wake. Mkono mmoja ulitua kwenye bega la kulia la Evaline. Mwingine ukatua la kushoto.

"Samahani dada, huyu ni wangu," alisema Hilaria, aliyesafiri kutoka Kapalamsenga, ziwani.

"Wako tangu lini?" aliuliza Athanasie, aliyetoka Katumba.

Watoto walicheka. Katekista alitazama karatasi yake. "Mabega yapo mawili, lakini kwenye fomu nafasi ni moja. Majina yanakwenda parokiani Jumatatu. Ambaye fomu yake haijakamilika atasubiri Askofu arudi."

"Atarudi lini, Mwalimu?" aliuliza Evaline.

"Safari hii tulimngoja miaka miwili."

Evaline alitoka mstarini. "Ni mimi, Mwalimu. Niliwadanganya wote."

Katekista hakumkaripia. Aliwapigia simu wazazi, na kesho yake baada ya misa wakakaa benchi moja, Evaline katikati, naye akawasimulia maneno yote aliyoyabadilisha.

"Mtoto mwenyewe aseme anamtaka nani," alisema Fabiani.

"Hapana," alisema Melkior. "Akichagua wa mmoja wenu, kwa mwingine ataingia na uso gani? Wazazi ni nyie. Ongeeni, mimi sina haraka."

Fabiani alivua kofia. "Mama Evaline, ni kweli ulisema nisikusumbue?"

"Nilisema. Tena zaidi ya mara moja."

"Mimi nikaletewa salamu."

Emelyne alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka. "Nami nilikuwa nashangaa, Baba Evaline, upole huo umeupata wapi."

Katekista aliwakumbusha kwamba kazi ya msimamizi haiishi siku ya sherehe; humwongoza mtoto miaka mingi. Athanasie alifika Mpanda kila wiki, Hilaria mara moja kwa mwaka. Fabiani alilipima jambo hilo, kisha akasema, "Basi awe Athanasie."

"Sawa," Hilaria alisema kutoka mlangoni, alikokuwa akisikiliza. "Ila wali wa sherehe ni wangu, na mtu asiniguse sufuria."

Melkior alijaza fomu, akafunga kalamu. "Evaline, ulidanganya ili wasigombane. Nia yako naielewa, lakini uongo haukuwapatanisha. Uliwaficha tu kwamba wana jambo la kumaliza. Ukitumwa maneno kama hayo tena, sema, 'Naomba mwambiane wenyewe.' Huko si kukosa adabu." Akawageukia wazazi. "Nanyi, mmeachana nyie wawili. Mtoto hajaachana na yeyote. Ya kwenu semezaneni wenyewe, begi lake libebe daftari."

Kipaimara kilipita, na Ijumaa ya safari ikafika tena. Evaline alifua, akaanika, akapanga begi, akasimama kando ya cherehani. Mama yake alikuwa na simu sikioni.

"Baba Evaline, anatoka sasa hivi. Kampokee stendi."

Nje, Josephat alikuwa akimngoja. "Posta, leo una barua ngapi?"

Evaline alirekebisha begi begani. Lilikuwa jepesi.

"Posta imefungwa," alisema, akaenda zake.