Mlio wa Ziada Mlimani

Kifaa cha Sunniva cha kutafutia waliofukiwa na theluji kilionyesha watu wawili, ilhali mbele yake alisimama mmoja tu: kaka yake Jostein, akimenya chungwa lake la kila Pasaka, skii zake za kutelezea thelujini zikiwa zimeshabandikwa ngozi za kupandia mlima.

"Zima, washa tena," Jostein alisema.

Alizima, akawasha. Wawili.

"Basi ni jini la mlima. Nalo limenunua kifaa, usalama kwanza." Alitema mbegu. "Twende, mdogo wangu. Tukingoja woga wako uishe, theluji itayeyuka."

Hawakupanda kabla Sunniva hajakagua na kifaa cha kaka yake. Kilikuwa kinatuma mlio sawasawa, ule ambao mwenzako huufuata ukifukiwa. Lakini kilikuwa kikuukuu, cha marehemu baba yao. Vipya, hata vikiwa vimegeuzwa vitafute, hujirudisha vyenyewe kwenye kutuma mtu akilala bila kusogea. Hicho hakikuwa na akili hiyo. Kila mwaka alimsihi akibadilishe, na kila mwaka Jostein alikibusu tu na kukifunga kifuani.

Walipanda hadi ghuba ikawa utepe mweusi chini yao. Juu, theluji ilikuwa laini kama unga uliochekechwa, haijaguswa, na Jostein alipiga kelele za furaha. Walibandua ngozi. Ndipo ukungu uliposhuka, na pamoja nao harufu nzito ya lami ya msonobari, ile ambayo wazee walipaka skii za mbao.

"Unasikia harufu?" Sunniva alinong'ona.

"Nasikia." Safari hii hakucheka.

Sunniva aligeuza kifaa chake kitafute. Mlio wa pili ulitoka kushoto, kwenye bonde la mwinuko mkali ambalo walikubaliana asubuhi kuliacha.

"Kuna mtu chini ya theluji," Jostein alisema.

"Maporomoko ya theluji yako wapi? Hakuna hata alama ya skii, kaka."

"Kwenye ukungu huu utaona nini? Ungekuwa wewe, ungependa upitwe?" Naye akageuza chake kitafute. "Baki hapo hapo."

"Rudisha kitume! Jostein! Ukifukiwa hivyo sitakusikia!"

"Dakika moja tu, Sunni." Akateleza kuingia bondeni.

Theluji ilitoa mguno mzito kama mnyama anayejigeuza usingizini, kisha bonde zima likaporomoka naye.

Sunniva aliteremka juu ya mabonge ya theluji akiliita jina lake, na kifaa kikashika mlio mmoja, wazi, wa karibu, akaufuata akitambaa kwa magoti, akachoma theluji kwa fimbo ndefu, akachimba kwa sepetu mpaka pumzi ikamwisha, na alipofika chini hapakuwa na kitu ila harufu ya lami, na mlio ulikuwa umehamia nyuma yake, akaufuata tena, akachimba tena, nao ukahama tena, taratibu, kama anayemsubiri, huku akijua kwamba mahali fulani chini ya magoti yake kaka yake alikuwa amelala kimya na kifaa kifuani, nacho kikisikiliza mlio uleule.

"Toa sauti, kaka," alilia. "Nakuomba, toa sauti."

Waokoaji walichelewa kwa sababu ya ukungu. Waliondoka mikono mitupu. Jostein alipatikana mwezi wa sita, theluji ilipopungua. Kifaa chake kilikuwa bado kwenye kutafuta.

Pasaka iliyofuata Sunniva alikwenda na chungwa, aliweke tu pale walipoegesha gari mwaka ule, arudi nyumbani. Hapakuwa na gari jingine wala mtu. Hakukusudia kupanda, lakini kifaa alikuwa amekivaa, na mkono uliozoea ukakiwasha kabla hajauzuia.

Watu wawili.

Mmoja alitulia mbali, juu, upande wa bonde. Wa pili alikuwa anateremka kumjia, mita zikipungua kwenye kioo cha kifaa, na chungwa likiwa bado zima mkononi mwake, Sunniva alisikia harufu ya ganda linalomenywa.